Fundi Anajibu: Bando Lipo, Mbona Seva Inanikataa?

Mwezi huu maswali yamekuja ya aina moja tu, watu wameshindwa kuingia kwenye seva wanakotunza kazi zao za programu, wengi wako na Git na wachache bado wako na Subversion, programu mbili za kutunza kila toleo la kazi, na karibu kila barua inaanza na "kaka mtandao unasumbua". Hiyo sentensi mimi nina ugomvi nayo. Mtandao ukisumbua kweli unapata kimya. Ila kama kuna kitu kimekujibu "denied" maana yake umefika hadi getini, umegonga, mlinzi ametoka, amekuangalia usoni na amekwambia hakujui, sasa hapo kununua bando jingine kunasaidia nini? Kwa hiyo kabla hujafuta chochote soma ulichojibiwa, chote, mpaka mstari wa mwisho. Barua zenyewe nimezifupisha maana wengine mlinipa mpaka historia ya ukoo.

Swali. Mambo vipi kaka. Nasoma chuo hapa Dar naishi Sinza. Nikiwa chuoni nikipushi (kupeleka) kazi GitHub, ile tovuti ya kutunza kazi za Git, inakaa weee alafu inaleta "ssh: connect to host github.com port 22: Connection timed out". Nikirudi geto nikiwasha hotspoti ya simu inakubali freshi tu. Nimetengeneza funguo mpya mara kibao, nimefuta mpaka akaunti nikafungua nyingine, wapi. Na chuoni ndo kuna waifai ya bure, geto bando haliishi mwezi. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Sinza

Jibu. Poa mdogo wangu. Hiyo akaunti uliyofuta imeniuma kwa kweli, maana haikuwa na kosa lolote, na ufunguo, lile faili la siri la kukutambulisha kwa seva, nao hauhusiki. Laptopu ileile, ufunguo uleule, kwa hotspoti inakubali kwa waifai ya chuo inagoma, si umejijibu mwenyewe? Kilichobadilika ni njia tu. "Timed out" maana yake kompyuta yako imetuma salamu na haikujibiwa chochote, si ndiyo si hapana, mpaka ikachoka kusubiri, na suala la ufunguo linakuja baadaye kabisa, mkishaunganishwa, hapo hamjafika.

Jamaa wa IT hapo chuoni wamefungua poti (milango ya mtandao yenye namba) za kuangalia tovuti, 80 na 443, na poti 22 ya SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali, wameiziba. Si roho mbaya, sehemu nyingi ziko hivyo, maofisini na mahotelini pia. Bahati nzuri GitHub wana mlango mwingine wa SSH kwenye poti 443 ila unatumia jina tofauti. Jaribu kwanza hivi:

ssh -T -p 443 git@ssh.github.com

Ikikubali itakusalimia kwa jina lako la akaunti alafu itasema hawatoi "shell access". Usishtuke hapo, kila wiki kuna mtu ananiandikia kwamba amekataliwa kumbe ndo amekubaliwa, sentensi yao ina neno "but" katikati na watu wanaanzia kusoma hapo. Ukishaiona hiyo salamu fungua faili linaitwa config ndani ya folda ya .ssh, kama halipo litengeneze, weka mistari hii:

Host github.com
  Hostname ssh.github.com
  Port 443
  User git

Basi, anwani za repo zako, yaani folda za kazi zilizoko kwenye seva, huzigusi. Mara ya kwanza itakuuliza kama unaiamini hiyo mashine, linganisha alama inayokuonyesha na ile GitHub waliyoiweka kwenye kurasa zao za msaada ndo uandike yes. Mwenzako akiwa GitLab.com nao wana kitu hichohicho, jina ni altssh.gitlab.com na poti ni 443.

Na wewe wala usikimbilie VPN, kwanza kwa kazi hii haihitajiki, pili tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba anayetumia VPN kwa kazi zake aiandikishe, sasa ya nini kujitafutia maelezo wakati mistari minne inatosha.

Nikusogezee na majirani wa hiyo "timed out" maana utakutana nao. Ukiona "Could not resolve hostname" jina halijageuzwa kuwa namba, kwa hiyo angalia spelling, angalia DNS inayogeuza majina, angalia kama bando limekata. Ukiona "Connection refused" mashine umeifikia na iko hai ila kwenye hiyo poti hakuna programu inayosikiliza, au kuna fayawoli inayokataa waziwazi badala ya kunyamaza. Huyu wa pili leo ana barua yake huko chini.

Swali. Habari kaka, mimi najifunza mwenyewe kwa video. Nafuata kila kitu anachofanya mwalimu, nikifika kwenye kupushi naandika jina langu na neno la siri, inakataa inasema "Authentication failed". Neno la siri ni sahihi kabisa maana kwenye tovuti naingia nalo!
Dada wa Tabata

Jibu. Video ni ya zamani dada yangu. GitHub waliacha kupokea neno la siri kwa kazi za Git tarehe 13 Agosti 2021, na ukisoma vizuri mstari wa juu ya hiyo "Authentication failed" utaona wameandika kwamba neno la siri halipokelewi. Neno la siri linabaki la kuingilia kwenye tovuti tu. Kwenye terminali unaweka tokeni, yaani siri ndefu inayochukua nafasi ya neno la siri, ambayo unaitengeneza ndani ya mipangilio ya akaunti yako sehemu ya wasanidi programu, unaichagulia muda wa kuisha na unaichagulia ruhusa. Pale inapokuuliza "Password" unabandika tokeni, na usisubiri kuona nyota wala nini, terminali haionyeshi kitu ukiandika siri, bandika gonga enta.

Sasa kuna mtego kwa watu wa Windows. Windows inatunza siri za zamani kwenye Credential Manager, kwa hiyo unaweza kuwa na tokeni mpya nzuri kabisa na Git inaendelea kupeleka lile neno la siri la juzi bila hata kukuuliza. Ukiona inakukataa bila kukuuliza chochote basi ndo hapo, fungua Credential Manager, nenda Windows Credentials, tafuta git:https://github.com, futa, alafu jaribu tena.

Ukishaingia ukaambiwa "Repository not found" wakati repo unaiona kwa macho yako kwenye kivinjari, maana yake umeingia na akaunti nyingine au tokeni haina ruhusa ya hiyo repo. Repo ikiwa ya faragha seva inajifanya haipo kabisa ili mtu wa nje asijue hata kama ipo. Na tokeni usiitume kwenye grupu la WhatsApp jamani, kuna watu wanafanya. Wala usiichomeke ndani ya anwani ya repo, inabaki imeandikwa waziwazi kwenye faili la .git/config na siku ukimpa mtu folda umempa na funguo za nyumba nzima.

Swali. Mwanangu, mimi ni mtu mzima nasimamia ofisi ndogo ya mahesabu na programu hapa Kijitonyama. Tuna seva yetu ya Subversion chini ya meza, imefanya kazi miaka mingi bila kelele. Jumamosi umeme ulikatika mara mbili. Jumatatu vijana wote hawaingii, mmoja anasema anaona E170013, mwingine anaona "No route to host", mwingine "actively refused", kila mmoja na lake, na seva nimeiangalia taa zinawaka. Fundi aliyekuja anataka tununue seva mpya. Naomba ushauri wako.
Mzee wa Kijitonyama

Jibu. Shikamoo mzee wangu. Usinunue kitu kwanza, na huyo fundi mpe soda aende.

Hiyo E170013 isikusumbue, ni kichwa cha habari tu, inasema "nimeshindwa kuunganishwa na repo" na haisemi kwa nini. Sababu inakaa mstari wa chini yake. Kwenye Linux mstari wa chini ukiwa E000111 ni kukataliwa, E000113 ni hakuna njia, kwenye Windows E730061 ndo hiyo "actively refused" na E730060 ni kusubiri mpaka kuchoka. Shida ingekuwa ya majina na maneno ya siri vijana wangeona E170001, hakuna aliyeiona, kwa hiyo watumiaji na nywila zao tuwaache wapumzike.

Naona kilichotokea hapo ni hiki, na nimekiona kwenye ofisi nyingi za mjini humu baada ya umeme kukatika. Ruta inagawa anwani za IP kwa kila kifaa. Umeme ukirudi ruta inaamka ndani ya dakika moja hivi na ruta nyingi za bei ya kawaida zinasahau zilimpa nani nini. Simu za vijana, printa, kamera, vyote vinakimbilia anwani, na seva yako ya zamani bado inakagua diski. Inapoamka inakuta anwani yake imeshachukuliwa na printa, inapewa nyingine. Vijana wanagonga anwani ya zamani. Aliyegonga wakati printa imewashwa anakataliwa maana printa haina Subversion, aliyegonga printa imezimwa anaambiwa hakuna njia. Ndo maana kila mmoja ana lake na wote wana haki.

Kuhakikisha, mwambie kijana aunganishe skrini na kibodi kwenye seva aandike

ip addr
ss -ltn

Ya kwanza itaonyesha anwani ya sasa, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye kompyuta za vijana. Ya pili inaonyesha poti zinazosikiliza, itafutwe 3690 ambayo ndo ya svnserve, huduma yenyewe ya Subversion, au 443 kama mnaingia kwa HTTPS. Anwani ikiwa ileile ila 3690 haipo, basi huduma haikuamka yenyewe baada ya umeme, mtu aliiwasha kwa mkono miaka hiyo na hakuiweka iwake na mashine. Hapo ni systemctl start na systemctl enable kwa jina la hiyo huduma, dakika mbili.

Anwani ikiwa imebadilika mtakuwa na njia mbili. Mnaweza kumwambia kila kijana ahamishe anwani kwa svn relocate, kwenye TortoiseSVN ni menyu ya Relocate, lakini umeme ukikatika tena mnarudi palepale. Bora kuingia kwenye ruta, kuifungia seva anwani yake ya zamani kwa kutumia namba ya kadi yake ya mtandao, alafu kuizima printa na kuiwasha na seva nayo hivyohivyo. Vijana hawabadilishi kitu. Ukishaingia hapo ifungie na printa yake kabisa.

Baada ya hapo kwa sababu ilizimika ghafla mara mbili waambie waendeshe svnadmin verify kwenye kila repo kabla mtu hajaweka kazi mpya, inapitia toleo moja moja kuanzia la kwanza, ikiwa kubwa itachukua muda muwe na subira. Na hela ya seva mpya toa sehemu kidogo nunua UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, na ruta uichomeke humohumo, watu wanakumbuka seva wanasahau ruta.

Swali. Mkuu nimenunua laptopu yuzdi Kariakoo, kali kweli, nimeweka Ubuntu. Folda ya .ssh nimeitoa kwenye mashine ya zamani kwa flashi nikaibandika. Sasa kila nikikloni (kuvuta nakala ya repo) inasema "Permission denied" na mwishoni imeandika publickey, juu yake kuna tangazo kubwa la herufi kubwa sijalielewa. Ufunguo ni uleule kwa nini ikatae?
Msanidi wa Mbagala

Jibu. Hilo tangazo la herufi kubwa ndo jibu lako mkuu, na wewe ndo ukaliruka! Nina uhakika limeandikwa "UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE" na chini yake kuna namba 0777 au 0644 na maneno "too open". Flashi nyingi zimefomatiwa kwa mtindo ambao hautunzi ruhusa za mafaili za Linux, kwa hiyo ufunguo wako wa siri umetua kwenye laptopu mpya ukiwa wazi kwa kila mtumiaji wa mashine, na SSH ikiona hivyo inakataa kuutumia kabisa. Seva haijawahi hata kuuona.

chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/id_ed25519

Badilisha jina la faili kama lako ni lingine. Ikigoma bado endesha ssh -vT git@github.com na usiogope maandishi mengi, unatafuta mistari ya "Offering public key". Usipoona faili lako hapo maana yake ufunguo una jina lisilo la kawaida na SSH haikujua ipeleke upi, uandike kwenye config kwa IdentityFile. Ukiona funguo nyingi zinapelekwa moja baada ya nyingine alafu "Too many authentication failures", ongeza IdentitiesOnly yes, maana seva nyingi za SSH zinavumilia majaribio sita kwa muunganisho mmoja alafu zinafunga na wa kwako ulikuwa wa saba.

Alafu angalia kabla ya alama ya @ umeandika git. Watu wanaweka jina lao pale, kwenye GitHub na GitLab kila mtu anaingia kama git na ufunguo ndo unasema wewe nani. Na usiandike sudo mbele ya git, sudo inakwenda kutafuta funguo za root, mtumiaji mkuu wa mashine, ambazo hazipo. Ile flashi ukimaliza futa funguo humo, bora zaidi tengeneza mpya kwenye hii mashine na ya zamani uiondoe kwenye akaunti.

Swali. Nilikaa pembeni na mambo ya programu tangu 2022, nimelea. Sasa nimewasha laptopu yangu ileile inaniambia "REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED" na kwamba huenda kuna mtu anafanya kitu kibaya. Nimedukuliwa?
Mama wawili, Ubungo

Jibu. Hongera kwa watoto na karibu tena dada. Kwa GitHub na kwa muda uliokaa pembeni, sababu inajulikana. Tarehe 24 Machi 2023 GitHub walibadilisha ufunguo wao wa RSA wa kujitambulisha kwa sababu ule wa zamani ulionekana kwa muda mfupi kwenye repo ya wazi. Laptopu yako bado inakumbuka wa zamani. Futa kumbukumbu hiyo kwa

ssh-keygen -R github.com

alafu unganisha upya na ulinganishe alama na iliyopo kwenye tovuti yao. Kulinganisha usikuruke, kwa sababu siku nyingine tangazo hilohilo linaweza kuwa la kweli, hasa ukiwa kwenye waifai ya watu. Na kama ni seva ya ofisi mpigie anayeitunza umuulize "mmeibadilisha?" kabla hujafuta chochote, akisema hapana toka kwenye huo mtandao.

Kwa muda huohuo vimekufa na vitu vingine, ufunguo wa aina ya DSA haupokelewi GitHub tangu Machi 2022, na anwani zinazoanza na git:// nazo wakazifunga. Ukiwa na ufunguo wa enzi hizo tengeneza wa aina ya ed25519 uanze upya.

Swali. Bro ofisi yetu iko Mikocheni seva ya Git tumekodi nje. Kuna muda ofisi nzima tunapata "Connection refused", mtu akihamia data ya simu anaingia. Tukikaa kama dakika kumi inarudi yenyewe, baada ya muda tena. Mtoa huduma wa intaneti tumeshamgombeza anasema kwake safi. Nani muongo?
Timu ya Mikocheni

Jibu. Hakuna muongo, mnapigwa ban. Hizo dakika kumi ndo zimenifanya nicheke, maana fail2ban, programu ya seva inayofungia anwani zinazokosea kuingia, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida inahesabu makosa matano ndani ya dakika kumi na inafungia anwani kwa dakika kumi, na kufungia kwenyewe kwa kawaida mteja anakuona kama "refused". Ofisi nzima mnatoka nje kwa IP moja ya ruta, kwa hiyo akikosea mmoja mnafungiwa wote, na wa data ya simu anapita kwa sababu anatokea kwa anwani nyingine.

Ingieni kwa data ya simu muangalie

sudo fail2ban-client status sshd

IP ya ofisi mtaikuta kwenye orodha, itoeni kwa fail2ban-client set sshd unbanip na namba yenyewe. Ila msiishie hapo, kuna kitu ndani ya ofisi kinagonga na siri ya zamani na mara nyingi si mtu. Ni skripti ya bakapu iliyoandikwa na kijana aliyeacha kazi, au programu ya kuandikia iliyowekewa kuvuta mabadiliko kila baada ya dakika kadhaa kwenye mashine ambayo mwenyewe alibadilisha neno la siri. Kwenye /var/log/auth.log tafuteni "Failed password" muone jina la mtumiaji linalojirudia, jina litawapeleka mpaka kwenye kiti chake.

Kama mna IP ya kudumu mnaweza kuiweka kwenye ignoreip, orodha ya wasiofungiwa, mimi siipendi sana kabla mkosaji hajapatikana, maana mnaficha dalili. Ikiwa IP yenu inabadilikabadilika ndo hata haifai. Dawa ya kweli zimeni kuingia kwa neno la siri, kila mtu awe na ufunguo, hayo majaribio hayatakuwa na maana tena. Na mtoa huduma muombeni radhi.

Swali. Kompyuta ya mezani, kila asubuhi nikiiwasha Git inasema "certificate is not yet valid". Jirani kanipa amri ya kuzima sslVerify ikakubali. Ni sawa?
Fundi simu, Buguruni

Jibu. Si sawa, irudishe leo, hiyo ndo inayohakiki cheti cha seva. Angalia saa ya kompyuta, nina hakika inaamka iko miaka mingi nyuma, ndo maana cheti cha seva inakiona hakijaanza kazi. Betri ndogo ya kwenye ubao imekufa, CR2032, wewe ni fundi simu unaijua, badilisha alafu weka saa. Na ukanda uwe Africa/Dar_es_Salaam, kuna watu ukanda uko Marekani wanasogeza mishale mpaka ifanane na ya ukutani, kwa macho saa iko sawa kumbe kwa ndani imepishana saa nyingi. Simu ikiwa hivyo hata zile namba sita za kuingilia zinakataliwa, maana zinahesabiwa kwa saa na kwa kawaida zinabadilika kila sekunde 30.

Swali. Kaka kuna repo ya kazi kubwa balaa, nakloni ikifika kama asilimia sitini inakufa "early EOF", "RPC failed", naanza tena sifuri. Bando za usiku nimemaliza. Wameniambia niongeze http.postBuffer nimeongeza mpaka basi.
Anayekesha, Kigamboni

Jibu. Wewe ndo peke yako leo mwenye haki ya kulaumu mtandao. Unasumbua kweli, kama ile Mei 12 mwaka 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika nchi nzima tukabaki tunaangaliana. Ila postBuffer ni ya wakati wa kupeleka, kukloni ni kupokea, kwa hiyo hiyo irudishe ilivyokuwa.

Shida ni kwamba git clone ikikatika haiendelei ilipoishia. Kwa hiyo punguza mzigo:

git clone --depth 1 anwani-ya-repo

Hapo unapata toleo la mwisho bila historia, unaanza kazi, alafu historia unaivuta kidogokidogo kwa git fetch --deepen=200, mtandao ukitulia unamalizia kwa --unshallow. Ikikatikia kwenye kipande unapoteza kipande tu.

Ikiwa hata hiyo haipiti na una mtu mwenye kuifikia seva, muombe atengeneze bando la Git, mbona jina limekaa pazuri, aandike git bundle create kazi.bundle --all alafu aliweke sehemu ya kupakua. Hilo ni faili moja la kawaida, unalivuta kwa wget -c ambayo ikikatika inaendelea ilipoishia hata mara ishirini, alafu unaandika git clone kazi.bundle na unarudisha anwani ya kweli kwa git remote set-url origin. Kama huyo mtu yuko Posta na wewe Kigamboni mwambie aliweke kwenye flashi, panda pantoni ukalichukue, utawahi kuliko huo usiku mwingine wa kukesha.